Wewe Ungechukua Ipi?

Ipo siku moja ambayo mpaka leo naisikia kabla sijaiona, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa alasiri, ndani ya basi la jiji la Doha, kutoka mtaa wa Abu Hamour kwenda Al Wukair, na mvumo wa kiyoyozi ulikuwa umejaa kila pembe. Chini ya mvumo huo nikasikia sauti nyembamba ya mtoto wa kike akisoma herufi zake za chuo cha Kurani, moja baada ya nyingine. Nikatazama huku na huku. Basini hamkuwa na mtoto. Sauti ilitoka masikioni mwa mzee aliyekaa viti viwili mbele yangu, na hedifoni alizovaa nilimuuzia mimi. Ikiwa mimi niliye nyuma naisikia kila herufi, nilijiuliza, ndani ya masikio yake mna kishindo gani?

Umeniuliza kama duka mnalofungua na wenzako litangaze waziwazi hedifoni mnazozipendelea, au mzipange zote sawasawa na kumwachia mnunuzi uamuzi. Ningeweza kukujibu kwa neno moja, lakini shangazi yako unamjua. Hata majani ya chai huyapima. Nivumilie.

Miaka hiyo mabasi ya jiji yalikuwa bado mapya, na wewe ulikuwa shule ya msingi. Nilikuwa nikikaa kwa baba yako Abu Hamour, nikiandika tasnifu ya shahada ya pili. Tasnifu yenyewe ilihusu hojaji, na hasa namna anayeuliza anavyoweza kumsukuma anayejibu bila kukusudia. Jambo hilo nililisoma mpaka likanitawala. Nikawa siwezi kumwambia mtu kwamba biriani ya mkahawa fulani ni tamu, nisije nikaharibu maoni yake.

Alasiri nilisaidia katika duka la vifaa vya sauti. Mwenzangu pale alikuwa Bi Rehema, mwenyeji wa Mombasa, aliyeuza hedifoni Doha tangu mimi sijajua kuzivaa.

Siku moja akaingia Mzee Makame, mtu wa Unguja, mlinzi wa skuli huko Al Wukair. Alikuwa na kicheza kaseti alichokifunga kwenye leso. Kwao hawakuandika barua. Walikusanyika nyumbani mbele ya kinasa sauti, kila mtu akasema lake, na kaseti ikapewa msafiri yeyote anayekuja Doha. Mzee alizisikiliza basini, kwenda na kurudi, kwa kuwa chumbani walilala watu wanane na hakutaka kuwakera.

"Mjukuu wangu kaanza chuoni," aliniambia, uso wote ukicheka. "Nataka nimsikie vizuri."

Akapenda mbili. Nyeupe zilikuwa za wazi: kelele za nje huingia, na sauti ya ndani hutoka. Nyeusi zilifunika sikio lote. Katika utulivu wa duka, nyeupe zilisikika tamu zaidi. Lakini basi si duka, na mimi nilijua tangu alipotamka neno "basi" kwamba nyeusi ndizo zake.

Sikusema. Msambazaji wa zile nyeusi alikuwa ameahidi saa ya mkononi kwa muuzaji atakayeuza nyingi kuliko wenzake. Nikiwaza kwamba nikizisifu nitakuwa nimemuuza mzee kwa saa, nikamletea karatasi niliyoitengeneza mwenyewe, yenye safu za uzito, waya, besi na uwazi wa sauti, nikamwomba aipe kila hedifoni alama kuanzia moja hadi tano.

Mzee aliishika karatasi ile kwa adabu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akanirudishia.

"Mwanangu, we ungechukua ipi?"

"Inategemea, Mzee."

"Inamtegemea nani? Mie nnakuuliza weye."

"Inategemea mahitaji ya mtumiaji."

"Mtumiaji ndo mie, si huyu nimesimama?"

Bi Rehema akacheka kule nyuma ya kaunta. "Msomi, wamtahini mzee wa watu? Kaja kununua, hakuja kufanya mtihani!"

Nikatabasamu na kushikilia msimamo wangu. Mzee akachukua nyeupe. Mimi nikarudi nyumbani nikijiona mtu safi sana.

Ndipo ikaja Ijumaa ile ya basi. Nilisogea, nikamgusa bega, nikamuuliza hali ya hedifoni. Akanijibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, mpaka abiria wakageuka.

"Nzuri mwanangu! Ila basi lina kelele, nafungulia mpaka mwisho!" Akazivua, akajisugua sikio la kushoto. "Nikishavua, humu mnavuma kama mna nyuki. Uzee huo."

Haukuwa uzee, na nilijua. Hata hapo, mwanangu, nilinyamaza. Nilishuka kituo changu, kisha nikakaa siku nne nikijadiliana na nafsi yangu. Nikimpigia, je, sitakuwa nimekiri kosa la duka? Nikimwambia achukue nyeusi, je, nani atajua kama nasukumwa na huruma au na saa? Nilikaribia kuandika sura nzima ya tasnifu kuhusu simu ambayo ilihitaji dakika tatu.

Siku ya tano nikamweleza Bi Rehema. Hakucheka safari hii. Alifunga droo, akaniangalia.

"Binti yangu, mzee yule hakukuuliza zipi ni bora duniani. Alikuuliza weye, kwa kuwa wazijua na yeye hazijui. Ukamnyima. Wadhani hukumchagulia? Kule kunyamaza kwako ndiko kulikomchagulia. Na hiyo saa, kama yakuwasha, si umwambie kwamba ipo?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Katika vitabu vyangu vyote niliwaza namna mbili tu: kuficha upendeleo, au kutokuwa nao. Kuusema waziwazi pamoja na sababu yake, na pamoja na kile unachokipata, hakukuwa katika karatasi yangu.

Basi jibu langu ni hili. Pendeleeni, na mpendelee mchana kweupe. Wekeni kadi juu ya ile mnayoipenda, lakini kadi iseme inamfaa nani na haimfai nani. Kabla ya kutaja jina lolote, muulizeni mtu atasikilizia wapi. Kama kiwanda kimewaahidi kitu, hata kalamu, mwambieni mnunuzi kabla hajatoa pesa. Akishajua yote hayo na bado akachukua nyingine, mfungieni vizuri kwa moyo mkunjufu. Ila asitoke mtu dukani mwenu akiwa amewauliza mngechukua ipi, nanyi mkamjibu kwa karatasi.

Namba ya Mzee Makame ilikuwa kwenye kadi ya dhamana. Siku ileile nilipiga, nikiwa nimesimama dukani. Nikamwambia nyeupe hazifai basini, kwamba kelele za basi ndizo zinazomlazimisha kufungulia mno, kwamba nyeusi zingemtosha kwa sauti ya chini, na kwamba aende hospitali akapimwe masikio. Kisha nikamtajia saa.

Mzee akauliza:

"Kumbe siku ile ulijua?"

"Nilijua, Mzee. Nisamehe."

"Na hiyo saa, nzuri?"

"Sijaiona."

Akacheka, cheko refu lililonitoa machozi. "Haya, sema tena, mwanangu, sikio hili halikushika. Ungechukua ipi?"

Nikahamisha simu mkono wa pili, nikasema polepole, kwa sauti iliyosikika duka zima: "Ningechukua nyeusi, Mzee Makame."

"Basi niwekee hizo, nakuja kesho. Na Mungu akupe ulimi usioogopa kumfaa mtu."

Dua hiyo nimeitunza tangu siku ile. Sasa nakupa wewe na wenzako, pamoja na duka lenu.