Wavu wa Kahawa Juu ya Paa

Tarehe kumi na nne Aprili, mwaka wa 2005, mvua ya mawe ilivunja bati la plastiki la paa, lililokuwa juu ya cherehani ya mke wangu. Mke wangu mwenyewe tulikuwa tumemzika mwezi wa pili.

Siku hiyo nilikuwa Loresho, nilikokuwa nikitunza bustani, na huko jua liliwaka hata nikamwagilia maua. Nilipofika nyumbani Mutuini jioni nilikuta sukuma wiki imechanika kama matambara na barafu ingali imerundikana kando ya ukuta. Ndani, maji yalikuwa yametuama kwenye meza ya cherehani. Gauni la shule ambalo hakulimaliza, lililobaki chini ya sindano, lilikuwa limelowa chepechepe.

Lile bati lilikuwa wazo lake. Nyumba yetu ya mbao ina dirisha moja dogo, naye alishona mchana kutwa. Aliniambia nitoe bati moja la chuma niweke la plastiki, linalopitisha mwanga. Niliweka. Kisha akaniambia niweke wavu juu yake, kwa sababu mvua ya mawe ya huku kwetu haina simile. Alinikumbusha kwa miaka miwili, na kila mara nilimjibu, "Jumamosi." Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa wavu. Nilikuwa nasema tu Jumamosi.

Jumapili hiyo dada yake alikuja kutoka Kawangware. Yeye pia ni mshonaji. Alipitisha kidole kwenye gurudumu la cherehani, kidole kikatoka na kutu, akanionyesha.

"Shemeji, dada hakununua hii kitu inyeshewe. Ikilowa tena naibeba. Na usiniite mbaya."

Singeweza kumwita mbaya, maana alisema kweli.

Nilienda mjini nikanunua bati jingine la plastiki. Nililibeba kichwani kutoka Dagoretti Corner, matatu iliponishusha, upepo ukilipindua kila hatua kama unaonidai kitu. Fundi jirani yangu, mzee aliyeezeka nusu ya nyumba za Mutuini, alinikuta juu ya ngazi.

"Weka bati ya kawaida ulale," aliniambia. "Unataka mwanga wa nini? Kwani umerudi shule?"

"Nataka vile ilikuwa."

"Ilikuwa na shimo!" Akacheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha. "Pole. Basi ukiweka wavu, uinue. Shibiri moja. Jiwe ligonge waya, lisigonge plastiki."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini kuinua wavu kulitaka mbao na mbao zilitaka kukatwa, na giza lilikuwa linakuja. Nilichukua wavu wa kuku nikaulaza bapa juu ya bati, nikaupigilia misumari. Nikashuka nikijiambia kwamba kazi imeisha.

Baada ya juma moja mawe yalirudi. Madogo yalipenya kwenye matundu, makubwa yakakandamiza waya juu ya plastiki, na bati likapasuka pale pale waya ulipoligusa. Bahati nilikuwa nyumbani. Niliifunika cherehani kwa blanketi, nikainua karai juu yake kwa mikono miwili hadi mvua ikakatika. Mikono ilikufa ganzi. Nilijitukana kwa sauti, kwa maneno ambayo marehemu hangekubali yasemwe humo ndani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na meza ya marehemu baba ya kuanikia kahawa. Kahawa tuling'oa zamani, meza ikabaki kuwa mahali pa kuku kulala. Juu yake ni wavu wenye matundu madogo, hata punje ya kahawa haipiti. Nikanunua bati la tatu, nikamwita fundi, na safari hii sikubishana. Alitengeneza fremu ya mbao, akautandaza wavu juu yake, akapima shibiri moja kwa mkono wake mwenyewe.

"Ungenisikiza ungekuwa na bati moja," alisema.

"Najua, mzee."

Mei haikuisha bila mawe. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Paa lilinguruma hata sikusikia nilichokuwa nikisema. Nilisimama na mkono juu ya cherehani. Mawe hayakupita wavu. Yalirundikana juu yake, na chumba kikaanza kuwa giza, kikawa giza kabisa. Nilikasirika. Mabati matatu, na bado nilikuwa nimesimama gizani mchana. Kisha mawe yakageuka mvua, barafu ikaanza kuyeyuka, mwanga ukarudi kidogo kidogo kutoka pembeni. Nilipapasa meza. Ilikuwa kavu.

Kesho yake shemeji alikuja.

"Ilivuja?"

"Mara moja, mwezi uliopita. Niliweka karai. Jana haikuvuja."

Alitazama juu, akatazama meza. "Na nani anashona nayo?"

"Hakuna mtu."

Aliliondoa lile gauni taratibu, akalikunja. Kisha akavuta kiti, akaupeleka chini ya sindano upindo wa sketi yake uliokuwa umefumuka, akakanyaga. Mkasi wa dada yake ulikuwa umening'inia ukutani karibu naye, lakini hakuugusa. Alikata uzi kwa meno, akaniaga, akaondoka kabla mvua haijaanza.