Kaimati Saba na Tetemeko la Mikinduri

Kila nikinusa iliki kwenye mafuta ya moto, najikuta niko jikoni kwetu Mikinduri, nina miaka minane, na ninaiba.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimeapa kufunga siku nzima kwa mara ya kwanza, kwa sababu Baba aliniahidi kwamba nikimaliza nitafuturu kwenye mkeka wa wakubwa, si na watoto kule upenuni. Nilijikaza hadi alasiri. Kisha Mama akaenda kuswali, akaacha sinia la kaimati zingali moto, na mimi, jamani, nikala saba.

Kabla sijamaliza kulamba sukari vidoleni, ardhi ikanguruma. Sufuria ziligongana, maji yakaruka kutoka kwenye ndoo, mabati yakalia juu ya kichwa changu. Sababu niliijua papo hapo. Mungu ameniona!

Nilitimua mbio hadi buchani kwa Baba. Mapaja ya mbuzi yalikuwa bado yanabembea kwenye ndoano, na watu wa soko walikuwa wamesimama barabarani. Nikapiga kelele, "Baba, nisamehe! Ni mimi! Nimekula kaimati saba!"

Mama Kinya, jirani yetu muuza ndizi, ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Ngai! Kumbe ni wewe umetingisha Meru yote? Na ungekula kumi?"

Soko zima lilicheka, watu wakashikana mabega wasianguke. Baba akanibeba. "Kuja, mama. Huko chini kuna mawe makubwa, yakisukumana ndio sisi tunatingishwa. Hayajui mambo ya kaimati." Jioni aliniketisha kando yake kwenye mkeka wa wakubwa, na hakuna aliyethubutu kupinga. Nilijiona malkia.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alitueleza jinsi miamba inavyobanana chini ya ardhi miaka nenda miaka rudi, kisha ikateleza ghafla. Baba alikuwa amepatia. Kicheko kile ndicho kilichonichukua muda kukielewa. Siku zote nilidhani walinicheka kwa kuwa wao hawaogopi kitu. Juzi tu Mama Kinya ameniambia kwamba kabla sijatokea, Baba alikuwa ameganda mlangoni na kisu mkononi, midomo ikimtetemeka kwa dua, naye Mama Kinya amemng'ang'ania mkono mteja asiyemjua hata jina. Walikuwa na hofu kunishinda. Mimi angalau nilijua wa kulaumiwa.