Boliti ya Taa ya Kushoto

Harufu ya kutu iliyokwaruzwa kwa kisu bado inanirudisha uani kwetu Ifakara. Juzi nilikuwa nasugua bawaba ya mlango, vumbi lile jekundu likanipanda puani, nikalazimika kukaa chini. Wanangu walidhani naumwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, masika yakikaribia. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Baba aliacha boti ya bati ya kuvushia watu na mpunga mtoni, pamoja na tela lake, ambalo yeye na mdogo wake walilichomelea kwa ekseli ya pikapu iliyokufa. Aliacha na sisi wawili: mimi niliyekuwa darasa la sita, na Tekla wa miaka mitano.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa. Boti ingekwenda kijiji cha Mbingu kwa baba mdogo, na Tekla angekwenda naye. Mimi ningebaki na bibi, ambaye hakuweza tena kuchota maji, shule ingesubiri. Hakuna aliyeniuliza. Nami nilikuwa palepale, nachambua mchele.

Pikapu ya kukodi ikaja, tela likafungwa, taa zake za nyuma zikagoma. Dereva tulimwita Makoti, kwa sababu hakuvua koti hata jua la Ifakara lilipochoma. Alipokanyaga breki, iliyowaka ni indiketa, tena kwa unyonge, kama inaona aibu. Akabadilisha balbu. Akabadilisha fyuzi. Akalala chali kwenye tope, akaufuata waya kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma.

"Tela hili limerogwa," akasema.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda. "Limerogwa na koti lako. Livue uone kama halitawaka."

Mimi nilijua. Niwaambieni ukweli, nilijua tangu indiketa ilipowaka. Nilikuwa nimemshikia baba spana mara nyingi. Alinifundisha kwamba umeme ukishafika kwenye taa lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, na kwenye tela njia hiyo ni chuma chenyewe. Waya mfupi mweusi wa taa ya kushoto, uliorudisha umeme wa taa zote mbili, ulibanwa na boliti kwenye fremu. Boliti ikila kutu kwa maji ya mto, umeme hukosa njia, ukapenya kwenye taa nyingine. "Likwaruze kidogo, litatulia," baba alizoea kusema, utadhani tela ni mtoto anayewashwa mgongo.

Nikanyamaza. Makoti alikuwa amekataa katakata kuvuta boti bila taa kwenye njia ya malori ya mbao. Basi taa zikiwa hazijawaka, Tekla alikula nami sahani moja, akalala mgongoni pangu. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili.

Siku ya tatu, alasiri, Makoti akachoka. "Tufunge khanga nyekundu nyuma, twende. Giza litatukuta njiani kidogo tu."

Tekla alikuwa keshapakiwa nyuma ya pikapu, juu ya gunia la mpunga. Nikaliona akilini lori likija nyuma yao gizani, halioni kitu.

Baba mdogo akanigeukia. "Mama, una la kusema?"

"Naomba kisu," nikasema, naye akaninyooshea kabla sijamaliza.

Nikafungua boliti kwa spana ya Makoti, nikakwaruza mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza. Makoti akakanyaga breki. Taa zote mbili zikawaka, nyekundu kabisa.

"Fundi yuko hapa, mimi nimelala na matope siku tatu!" akapiga kelele, na watu wakacheka.

Nilizisindikiza taa zile kwa macho. Tekla aliita "Dada!" mpaka umbali ukameza sauti yake, na taa zikafuata.

Shule sikurudi. Bibi nilimtunza hadi siku yake ya mwisho. Na kwa miaka mingi nilimchukia baba mdogo, nikimwona kama mtu aliyesubiri tu tela litengenezwe aondoke na mdogo wangu.

Nilikuwa tayari nina watoto nilipokumbuka nani alilichomelea tela lile na baba. Boliti ile aliijua kuliko mimi. Siku tatu nzima hakuinama hata mara moja kuitazama. Ukoo ulikuwa umeamua, na yeye alikuwa wa mwisho kuzaliwa, hana kauli. Na kisu, nilipokiomba, hakukitafuta mfukoni. Kilikuwa mkononi mwake, keshakikunjua.