Gundi ya Ijumaa

Fremu ile ilitugharimu tyubu kuukuu ya baiskeli, mayai manne na Sabato nzima. Juzi nimenusa gundi ya moto mahali, nikarudi jikoni kwa nyanya bila kulipa nauli.

Miaka ya sitini ilikuwa inaishia. Nyanya alikuwa na picha moja tu ya marehemu babu, na Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari ya shangazi. "Hawataongea habari za binti yake kama yeye hayuko ukutani," alisema. Shida ni kwamba fremu ya fundi wa soko la Kebirigo ilikuwa ya misumari mitupu. Pembe zake zilizokatwa mshazari zilikuwa zimeachama, na babu alishaanguka mara mbili.

Fundi alitaka kutuuzia nyingine.

"Ya kwanza inaangusha mzee," nikamwambia, "ya pili si itamzika tena?"

Akacheka, akachukua mayai yangu, akanipa vipande vya gundi ya kuchemsha, ile ya kwato za ng'ombe, vigumu kama sukari guru. "Haya, omoiseke, msichana wewe. Mikono ni miwili, pembe ni nne. Utabana na nini?"

Njiani nikaona wabeba ndizi wakifunga mikungu kwenye baiskeli kwa vipande vya tyubu. Mpira ukivutwa, unakaza pande zote kwa pamoja.

Ijumaa nilichemsha gundi kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji. Jikoni kulinuka kwato, hata paka akahama. Nikapaka pembe, nikazungusha mpira wa tyubu kuukuu. Nikikaza huku, pembe ya kule inateleza. Nikafungua, nikaanza upya, nikapima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe, nikapima tena. Jua lilikuwa linazama nyuma ya majani chai.

"Toa mikono," nyanya akasema. "Sabato imeingia."

Kwetu Wasabato, Ijumaa jua likizama kazi zote zinakoma hadi Jumamosi jua lizame. Kufungua pia ni kazi, kwa hiyo hakuna aliyegusa. Jumamosi jirani alipita akitoka kanisani, akauliza, "Hiyo fremu imevunjika mguu?" Mimi nilikuwa naizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku nyingine yoyote ningeifungua usiku uleule, nione.

Jumapili asubuhi, mwanga ulipotosha, nilikata mpira. Pembe zote zilikuwa zimeshikana, hata unywele haupiti. Fundi akaja kujionea, akavuta, akapinda, akatoka jasho.

"Haifunguki," akasema.

"Jaribu tena," nikamwambia. Akajaribu tena.

Babu alining'inia juu ya wakwe mchana kutwa. Kila wakitaja ng'ombe, nyanya anainua macho ukutani: "Mwenyewe hajakubali." Wakaongeza mmoja. Akainua macho tena. Wakaongeza mwingine.

Siku hizi jiko lile halipo, nyanya hayupo, na watu wa kuacha kitu kitulie siku nzima wamekwisha. Wajukuu wangu wakigandisha kitu, wanakifungua papo hapo kuona kama kimeshika. Nimesema, nimefoka, nimeficha vitu vyenyewe. Wewe uliye na vijana nyumbani, nishauri: unafanyaje wasubiri mpaka kikauke?