Chai Niliyoisifia Kanisani

Mwaka ule wa msako wa walanguzi na walioficha bidhaa nilikwenda Babati kutalii. Naona haya kuliandika neno hilo. Watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi huko Singida, nilikuwa nimemwandikia dada yangu miezi mitano kabla kwamba likizo hii lazima nione ziwa lenye viboko na mlima Kwaraa. Dada alijibu kwa mstari mmoja: njoo, tunakusubiri.

Mume wa dada, shemeji yangu, alikuwa msimamizi wa duka la kaya, lile lililogawia kila nyumba sukari na sabuni kwa kadi. Ilikuwa kazi yenye macho mengi. Walikaa Maisaka na watoto watatu wenye adabu ya kupita kiasi: "Shikamoo mama mdogo," halafu kimya, wanakitazama kikombe changu.

Kikombe changu kilikuwa na sukari. Asubuhi vijiko viwili, saa kumi viwili tena. Dada alisema yeye ameiacha, inampa kiungulia. Shemeji alisema jino linamsumbua. Watoto walikunywa uji. Niliyaamini yote, nikaongeza kijiko cha tatu.

Jumamosi shemeji alinipeleka ziwani. Mlima ulikuwa wazi, maji yametulia, na mimi nikaanza kulalamika kwamba viboko siwaoni. Akanionyesha mahali palipokuwa shwari kuliko kwingine kote.

"Pale. Ukiona wavuvi wanapazunguka mahali pazuri hivyo, wana sababu."

Tukangoja. Kichwa kimoja kikaibuka, kikatutazama bila haraka, kikazama. Nilikuwa nimekisafiria kichwa hicho, lakini nilirudi nyuma hatua tatu bila kujijua. Tulipokuwa tunarudi mjini, bwana mmoja wa kamati ya ugawaji alitusimamisha njiani.

"Huyu ndiye mgeni?"

"Ndiye. Mdogo wake mama watoto."

"Anaonekana anatunzwa vizuri."

Shemeji alicheka kidogo, akaongeza mwendo.

Kesho yake tulikwenda kanisani. Katika makanisa yetu mgeni huitwa asimame, aseme ametoka wapi, atoe salamu. Watu wenye busara husema maneno mawili wakakaa. Mimi nikishaona watu wengi wamenyamaza mbele yangu, mdomo hauna breki. Nilitoa salamu za usharika wetu, nikalisifia ziwa, nikamsifia na kiboko. Halafu, kwa moyo mweupe, nikawashukuru wenyeji wangu.

"Huko kwetu sukari tumeisahau. Lakini kwa dada yangu shida hiyo haipo! Chai tamu asubuhi, chai tamu jioni. Mungu awazidishie."

Hakuna aliyeitikia amina. Yule bwana wa kamati, aliyekaa benchi la mbele, aligeuka taratibu. Hakunitazama mimi, alimtazama shemeji. Dada alikuwa ameinamisha kichwa. Nilikaa nikidhani nimewachosha kwa urefu wa maneno.

Jumatatu haikutokea kitu. Majirani walitusalimia kwa ufupi na kupita. Shemeji aliniambia mlima tutauona Alhamisi, lakini alisema akiwa anatazama barabara. Jumanne mimi na shemeji tulikwenda Bonga kumwona mama yake. Tukiwa njiani lori la kwenda Kondoa likasimama, na dereva, rafiki yake, akamwambia apande, asiulize maswali. Shemeji alishika ubao wa nyuma wa lori kwa muda mrefu.

"Nikiondoka, mgambo watamchukua dada yako," aliniambia, akaachia.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilitamani anitukane, lakini njia nzima alinionyesha mashamba na kunitajia nani analima wapi.

Walikuja Jumatano saa kumi, mgambo wawili na yule bwana. Dada aliwakaribisha viti. Bwana alinigeukia mimi.

"Mwalimu, hapa chai mnakunywa na nini?"

"Kavu," nilisema. "Tunakunywa kavu."

"Jumapili ulisema nyingine. Tukuamini lini?"

Waliingia jikoni, dada akawafuata, wakatoka na kopo moja la bati, sukari imebaki chini kidogo tu. Wakaliita ushahidi. Shemeji aliomba kubadili viatu, akakataliwa, akaondoka katikati yao na ndala.

Nilipiga magoti mbele ya dada. Nikamwambia kama mume wake alichukua sukari dukani, alichukua kwa ajili yangu, na mimi ndiye wa kufungwa.

"Hakuchukua hata punje," alisema dada. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Ni mgao wetu wenyewe. Tangu ulipoandika barua tumekuwa tunaiweka koponi, kila mgao. Watoto miezi mitano wanakunywa uji wa chumvi ili mama yao mdogo asione njaa kwetu. Nimewaeleza wale kule jikoni. Wamesema hakuna mtu wa hivyo siku hizi."

Mtoto mdogo alikuja na kikombe changu cha saa kumi, ambacho sikuwa nimekimaliza. Akaniuliza kama sasa anaweza kukinywa.