Senene Kule, Nzige Kwetu

Jino la mbele la binti yangu nililivunja mimi, kwa mpini wa mwiko wa ugali, na mpaka leo sijaona sababu ya kumwomba radhi. Nina mkono mwepesi, sikatai. Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo, Msukuma wa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mikono imekomaa kwa kusaga mtama juu ya jiwe. Kofi lake lilikuwa likifika kabla hujamaliza kosa. Baba alikuwa mtu wa mjini, jadi yake pwani, ana kiduka cha chumvi na shuka karibu na maduka ya Wahindi. Kwa mama mwanamke hali kuku wala yai. Kwa baba tulikula vyote, ilimradi kuku amechinjwa kwa bismillahi. Nikakua nikijua kila jiko lina mambo yake, nikadhani nimeshayajua yote.

Mume wangu alitoka Buganda. Alifika kwetu kununua ngozi za ng'ombe, Muislamu mwenzetu, kanzu nyeupe katika vumbi lile lote, sauti ya chini. Nilimpenda, sina la kuficha. Binti yetu tulimzaa Shinyanga, na alipoanza kukimbia na kujibizana na watu wazima, mume wangu akasema sasa twende kwao, mtoto akajulikane na ukoo wake.

Hebu niseme kweli, siku za kwanza nilidhani nimeingia peponi. Kwetu maji tunayachimba mchangani, katikati ya mto uliokauka. Kuni hakuna, tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake unawasha macho mpaka mtu anaonekana kama aliyetoka kufiwa. Kule migomba inaanza mlangoni, huoni inapoishia. Mvua inanyesha bila kuombwa. Ndizi wanazimenya, wanazifunga kwa majani ya mgomba, wanaziacha ziive kwa mvuke tangu asubuhi, kisha wanaziponda humo humo ndani ya majani. Hakuna kusonga! Mimi niliyesonga ugali tangu utotoni, mikono ikakosa kazi. Na ukishakula ukashiba, ukisimama tu tumbo linauliza chakula kiko wapi. Nilimwomba mama mkwe unga wa mtama. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Ugali ni chakula cha wapagazi," akasema.

Kwetu mume na mke wanalima pamoja, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka. Kule shamba la migomba ni la mwanamke, mwanamume akilishika jembe humo anachekwa. Kwetu binti anakunja goti kidogo kumwamkia mkubwa, anainuka, yamekwisha. Kule nilipiga magoti ndani, nje, njiani, kwenye tope, na salamu zao hazina mwisho. Siku moja nilimwamkia mjomba wa mume wangu nikiwa nimesimama, kwa sababu nilikuwa na mtungi wa maji kichwani. Mume wangu alinizaba kibao, mtungi ukaanguka ukavunjika. Yule mpole wa Shinyanga! Nikaokota kigae nikamrushia, kikampata kwenye sikio. Damu ikachuruzika kwenye ile kanzu yake, nami nikapata kipigo cha kweli. Tangu siku hiyo tukawa tunapigana, mimi na yeye, na mama mkwe anakaa kwenye mkeka wake anamenya ndizi.

Halafu yakaja ya miiko. Mwanamke kule anampika kuku, anamfunga vizuri kwenye jani, ananusa. Kula, thubutu! Yai vilevile. Mimi yai nililila, wallahi, nyuma ya nyumba, la moto, na maganda nikayafukia. Sikufa. Kwa hiyo waliponiambia, "Sisi katika ukoo huu hatuli senene," nikaitikia tu, nikaona ni maringo ya watu ambao matumbo yao hayajawahi kupigwa na njaa. Kwetu mtu akikataa chakula, ni mgonjwa au anaringa. Hakuna la tatu.

Mvua za mwisho wa mwaka ziliposhika, senene wakashuka. Asubuhi nikafungua mlango, majani yote ya uani yanatikisika. Majirani, wanawake na watoto, walikuwa tayari mashambani wanaokota, wanacheka, wanajaza vikapu. Moyo wangu ulirudi Shinyanga. Nilipokuwa mdogo nzige walitua kwetu wakala mtama, nasi tukawala wao, na baba akatuambia nzige ni halali hata bila kuchinjwa. Nzige na senene, wote wanaruka, wote wana miguu ya kung'oa. Nikachukua chungu.

Mama mkwe alikuwa ameenda kwa jirani, mume wangu yuko barazani na wageni. Niliwang'oa mabawa na miguu, nikawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, nikatia chumvi. Binti yangu alikula kwa viganja viwili. Akafurahi mno. Na mtoto aliyelelewa vizuri, akipata kitu kitamu anamkumbuka bibi yake. Alijaza kiganja, akatoka mbio, akamkuta bibi anaingia uani, akapiga magoti kama alivyofundishwa, akamnyooshea.

"Bibi, karibu senene."

Ebo! Sijawahi kuona mwanamke mzee akienda kasi namna ile. Alimkamata mtoto shingoni, akamwinamisha, akamtia vidole vyake kooni mpaka kiganja kikaingia mdomoni. Mtoto akatapika, akatapika tena, akawa anatapika maji ya njano, na vidole bado vimo. Akamnywesha maji yaliyokorogwa na majivu, akamtapisha upya. Mtoto macho yamemtoka, analia bila sauti.

"Wewe ni Senene," mama mkwe akawa anamwambia huku anamtikisa. "Hao ni ndugu zako. Umekula ndugu zako! Anayemla ndugu yake, meno yanamtoka kinywani. Yanatoka!"

Ndipo nilipoelewa. Ule ukoo wao unaitwa kwa jina la wadudu wale, na kwao wadudu wale ni damu yao. Haikuwa maringo. Lakini kuelewa kwangu kulikuwa kumechelewa, kwa sababu mume wangu alishaingia na bakora.

"Ni halali!" nikapiga kelele. "Wewe si Muislamu? Ni halali!"

"Halali kwenu," akasema, akanipiga bakora ya kwanza usoni.

Alinipiga mbele ya wageni wake. Alinipiga nilipoanguka. Nilisikia ubavu ukilia, na kidole hiki, kinachoangalia upande mpaka leo, kilivunjika nilipokuwa nakinga kichwa. Nikatambaa hadi mafigani, chungu bado kina mafuta ya moto. Nikamwagia miguuni. Alilia yule mwanamume, na kila akikanyaga chini anaruka tena. Wageni ndio waliotutenganisha, wakati nimemng'ata mkono nimegoma kuachia.

Jioni ile ile ukoo ukakata shauri. Mimi nirudi kwetu, mtoto abaki, kwa sababu ni wa kwao. Nikainamisha kichwa, nikasema ndiyo, mama, ndiyo, bwana. Nikapiga magoti kuliko nilivyowahi kupiga. Ubavu ulipotulia nikachukua mtungi kama naenda kisimani, mtoto ananifuata, mtungi nikauacha kwenye migomba, tukashika njia ya ziwani. Meli ilitushusha Mwanza, garimoshi likatushusha Shinyanga.

Baba alikuwa ameshafariki, kiduka kimefungwa. Tukakaa kwa mama. Nilisonga ugali wa mtama nikalia machozi ya furaha, ugali mgumu, na mlenda, na maziwa ya mgando. Binti yangu aliutazama, akauliza ndizi ziko wapi. Akazoea. Meno ya utoto yalipoanza kumtoka alishikwa na hofu, akawa ananionyesha kila moja mkononi. Nilimwambia kila mtoto anang'oka meno. Meno ya ukubwa yalipoota mazuri, meupe, akatulia kidogo.

Kisha nzige wakaja. Si wale wa utoto wangu, walikuwa zaidi. Mtama ulikuwa umechanua. Tulipiga madebe, tukawasha moto, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka, wakatua vilevile, na walipoondoka shamba lilikuwa vijiti. Waliacha mayai ardhini, na tunutu, watoto wao wasio na mabawa, walipotoka wakamaliza kilichoanza kuchipua. Tulikula michembe mpaka ungo ukawa mtupu. Viazi vile vikavu vikiisha, nyumba ya Msukuma imekwisha. Watu walipigana kwa fimbo kisimani, walipigana kwa ajili ya mizizi. Nilimwona jirani yetu akimpasua kaka yake kichwa kwa jembe, wakigombea kikapu cha mbegu.

Kilichobaki cha kula ni nzige wenyewe. Mama aliwakausha juani, akawasaga, akawapikia uji. Mungu katupokonya kwa mkono huu, katupa kwa mkono huu. Binti yangu akafunga mdomo.

"Hawa si senene," nikamwambia. "Hawa ni nzige. Hawakuhusu."

"Ni ndugu zao," akasema. "Meno yatanitoka."

Nilimbembeleza. Nilimdanganya kwamba ni unga wa karanga, akanusa, akajua. Nilimchapa. Akakaa ukutani, midomo ameibana, ananitazama kwa macho ya mama mkwe wangu. Nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Kwa jirani walizika mtoto asubuhi, mtoto aliyekuwa akicheza naye.

"Mwache, mayu," mama akaniambia kwa Kisukuma cha kubembeleza. "Akizidiwa atakula mwenyewe."

Azidiwe mara ngapi tena? Nilimtazama yule mtoto niliyemwiba kwenye ukoo mzima, niliyevunjwa mbavu kwa ajili yake, anakufa mbele yangu na bakuli limejaa. Hasira ilinipanda, sijui ilikuwa juu yake, juu ya bibi yake au juu ya nzige. Nilimlaza chini, nikambana kwa magoti, yale yale yenye sugu za salamu za Buganda. Nikamziba pua. Alibana meno. Nikachukua mwiko, nikaugeuza, nikaingiza mpini kati ya meno, nikabinua. Jino likakatika. Nililisikia mkononi kabla ya kulisikia masikioni. Damu ikajaa kinywani na mimi nikamimina uji juu ya damu, nikamshika taya, nikamwambia meza, meza, ama nitakuua mwenyewe. Akameza. Vidole vyangu vilikuwa vimemfika kooni.

Kesho yake nikafanya hivyo tena, na keshokutwa. Mama alitoka nje asione. Baadaye mtoto akawa akiniona nachukua bakuli anafungua mdomo mwenyewe, anafumba macho. Hakufa. Ndiyo hivyo. Angekuwa na meno yote kaburini.

Dhahabu ya Geita ilipoanza kusemwa, nikaenda kupikia wachimbaji njia ya Nyarugusu. Huko kila mtu alikuja na tumbo la kwao. Mnyarwanda anataka maharage, Mjaluo wa Kavirondo anataka ugali na samaki wadogo, Mhaya anazililia ndizi zake. Walipasuana kwa sururu kwa sababu ya sahani, na mimi nilikuwa na rungu chini ya meza. Binti yangu alishakuwa msichana, mzuri, mrefu, anacheka amefunika mdomo kwa kiganja. Mimi na yeye tulizungumza habari za unga, chumvi, kuni. Habari ya jino, kamwe.

Kulikuwa na kijana mmoja Mhaya aliyemtaka, si mhuni, ameshatuma watu kwangu. Mchana mmoja alikuja na senene wa kwao kwenye kifurushi cha jani, akamkaribisha. Binti akatikisa kichwa. Kijana akamtania kwamba anaficha nini mdomoni. Basi binti akaondoa kiganja, akamwonyesha lile pengo.

"Nilikula ndugu zangu," akasema. "Jino likanitoka. Bibi yangu alinionya."

Nilikuwa nasonga. Nikapigiza mwiko juu ya meza, wachimbaji wakageuka wote. "Uongo! Nilikuvunja mimi, kwa mwiko! Mwambie mwenzio kweli. Ni mkono huu, na ningevunja na la pili!"

Alinigeukia bila haraka. Nilidhani ataniachia matusi, na nilikuwa tayari.

"Najua ni wewe, mama," akasema. "Naukumbuka mpini, nakumbuka na magoti yako. Lakini nikisema ni wewe, chakula chako kitanipita kooni vipi? Na mimi nimekula mkononi mwako kila siku."

Nikarudi chunguni, nikasonga ugali mpaka ukaiva, nikapakua. Nikamwekea wake kando. Alikaa, akanawa, akala.