Harufu ya Mayai Njiani Werugha

Niliwashuku kuku wa mama kwa muda mrefu, bila kosa lao. Mama anaishi Werugha, kule juu kwenye ukungu, na hakuachi utoke kwake mikono mitupu. Kila nikienda kumwona hunirudisha Voi na kabichi, maziwa na mayai aliyoyafunga kwenye gazeti. Kwa hiyo gari langu lilipoanza kunuka mayai viza nilijua tu kuna moja limepasuka mahali. Nilitoa viti, nikainua zulia, nikasugua mpaka chuma kikaomba msamaha. Harufu haikuondoka. Ile taa ya njano ya injini nayo ilikuwa imewaka, lakini gari langu ni zee, taa zake huwaka zikijisikia.

Halafu ikafika siku ya jicho la mama.

Alikuwa apasuliwe mtoto wa jicho Voi, mchana. Daktari huyo huja kwa nadra, na safari iliyotangulia mama alirudishwa nyumbani kwa sababu ya kikohozi. Muuguzi alinieleza bila kuzunguka: mgonjwa akikohoa kisu kikiwa jichoni, jicho limekwenda. "Akija anakohoa, hatumgusi." Na kifua cha mama ni chepesi ajabu. Mtu akiwasha kuni Taveta, yeye hupiga chafya Werugha. Magari ya abiria ya kwao hushuka alfajiri tu, na yeye hakuyapanda kwa kuwa alikuwa anatusubiri sisi.

Tulitoka Voi asubuhi, mimi na dada yangu mkubwa. Tulipopita Mwatate na kuanza kupanda, gari likaishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikanung'unika, ikatetemeka, mwendo ukazidi kupungua. Naapa kinyonga mmoja alitupita na kututazama kwa huruma.

"Si ulisema umeliosha?" dada akauliza, amefunika pua kwa leso.

"Nimeliosha!"

"Basi huyo kuku wako ametagia ndani ya injini."

Sikucheka. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na jua lilikuwa linapanda haraka kuliko sisi. Nikageuza, tukarudi Mwatate kwa fundi wa kando ya barabara, jamaa mnene mwenye sauti ya mkutano wa hadhara. Alinusa mara moja tu.

"Boss, hayo si mayai. Hiyo ni kataliti."

Shule ya usiku, niliyoimaliza nikiwa tayari na ndevu, ilinifundisha kwamba harufu ya mayai viza ni ya salfa. Haikunifundisha kwamba inaweza kutoka mahali pasipo na kuku. Fundi alichomoa plagi moja, nyeusi, imelowa petroli. "Hii imekufa. Petroli yake haichomeki kwa injini, inaenda kuchomekea huku kwa ekzosi." Akatuonyesha hiyo kataliti, tumbo la chuma katikati ya bomba la moshi. Ndani yake, alisema, kuna vitundu kama sega la nyuki vya kusafisha moshi. Vyangu vimeyeyuka na kuziba, gari halina pa kutolea pumzi.

Alitia plagi mpya, bado gari likawa zito. Ndipo akafungua sensa, kile kidude cha kupima moshi kilichokaa kwenye bomba mbele ya kataliti, akaacha tundu wazi. "Sasa kanyaga." Gari lilinguruma, Mwatate nzima ikageuka, lakini liliruka kama ndama. Basi hapo hakukuwa na ubishi.

"Nyingine itatoka Voi kesho," fundi akasema. "Ama niikate hii sasa hivi, niigonge na nondo, nimwage sega lote, ibaki bomba tupu. Mtanusa moshi kidogo. Mtafungua madirisha."

"Kidogo kwako," dada akamjibu. "Mama yetu akiunusa, hapasuliwi."

Nilikuwa nimeshika kichwa. Nikienda na tundu wazi, moshi. Nikingoja kesho, daktari ameondoka. Dada alinitazama kama anavyonitazama tangu utotoni.

"Wewe na vyeti vyako. Mama tunampandisha au tunamshusha?"

"Tunamshusha."

"Sasa kushuka kunataka nguvu gani?"

Fundi akapiga kofi kwenye boneti. Alinipa spana na onyo: tupande na tundu wazi, huko juu tungoje bomba lipoe, tuirudishe sensa, tushuke polepole. "Na usisimamishe kwa nyasi kavu, hiyo kitu ni jiko."

Tulipanda tukinguruma, madirisha wazi, tukikohoa sisi kwa niaba ya mama. Niliegesha mbali na nyumba, nikangoja huku moyo unakimbia mbele ya saa, kisha nikafunga sensa na kuungua vidole viwili. Dada alipepea ndani ya gari kwa leso kama anafukuza nyuki. Mama akatoka akiongozwa na fimbo.

"Nani ameleta mashine ya kusaga mahindi hapa?"

Kushuka, sikusikiliza injini. Nilisikiliza kifua cha mama, kona baada ya kona. Baada ya Mwatate barabara ikalala, gari likajikokota, malori yakatupigia honi. Tukikaribia Voi mama akasafisha koo: hm-hmm. Karibu niingie mtaroni.

"Mama! Unakohoa?"

"Nakohoa nini? Nauliza kama mayai yangu mmeyapakia."

Hospitalini muuguzi alimwekea kifaa kifuani, akasikiliza kwa muda uliotosha mimi kuzeeka. Kisha akamshika mkono, wakaingia.

Yeye akiwa amelala huko, fundi wa Voi alinifungia kataliti nyingine. Ile ya zamani ilikuwa imeganda ndani kama sukari guru. Harufu ikaisha, taa ikazimika, nikakosa raha kwa mazoea.

Kesho yake wakamtoa bendeji. Tulimleta nje, akasimama juani akipepesa, akamtazama dada, akanitazama mimi, halafu akalitazama gari, mbonyeo baada ya mbonyeo, kutu baada ya kutu. Miaka yote alikuwa analipanda bila kuliona sawasawa.

"Hili ndilo mlilonishushia ule mlima?"

"Ndilo, mama."

Akashika fimbo vizuri. "Ningeliona jana, ningekohoa makusudi."